Iko, Lakini Analala

Mjukuu wangu alirudi kuishi nyumbani kwangu, mtaa wa Bel-Air, Katanga, juma lile chuo kilipofungwa kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa Kasapa, chuo chetu kikuu, waliambiwa watoke vyumbani mwao, nao wakatoka na magodoro vichwani. Wale wa mwaka wa mwisho wa udaktari hawakupewa likizo. Hospitali ilihitaji mikono, na mikono yao ilikuwa karibu. Wazazi wake wanakaa mji wa Likasi, naye hakutaka kwenda kwao akiwa ametoka kugusa wagonjwa. Hata kwangu aliogopa kuingia. Alisimama kwenye lango la lupango letu, yaani ua wa nyumba, begi likiwa miguuni, barakoa imemfunika mpaka chini ya macho, akasema:

"Bwana yangu, simama palepale. Usinikaribie."

Kwetu babu, au kambo kama tunavyomwita, na mjukuu wa kike hutaniana hivyo, bwana na bibi. Nilimjibu:

"Bibi gani anafika kwa bwana yake na kumufukuza?"

"Bibi mwenye kukupenda. Weye iko na miaka sabini na sita, kambo. Ile magonjwa inatafuta bantu kama weye."

Alisema hivyo akicheka, lakini hakusogea mpaka nilipoondoka njiani.

Nilimpa chumba cha uani, ambacho marehemu mke wangu alikijenga kwa ajili ya wageni. Akawa na sahani yake, kikombe chake na ndoo yake. Mimi naweka bukari, ndio ugali wetu, na matamba, majani ya muhogo, juu ya kigoda, narudi nyuma hatua kumi, yeye anatoka kuchukua. Tuliishi hivyo miezi mingi, na namshukuru Mungu kwa kila siku ya miezi ile, ingawa wakati ule sikujua kushukuru. Nilijua kuogopa tu.

Zamu yao ilikuwa ya mchana na usiku mzima, kisha asubuhi wanapita tena vitandani pamoja na mwalimu wao, ndipo wanaachwa waende. Alikuwa anafika nyumbani kwenye saa tano, jua likiwa kali. Anavua viatu nje, anafua koti lake jeupe kwenye ndoo, analitundika kwenye kamba, anajifungia chumbani. Kazi yake pekee nyumbani kwangu ilikuwa kulala. Na ile kazi moja, mimi ndiye niliyemzuia kuifanya. Nieleze jinsi nilivyomzuia, kwa maana sikufanya kwa ubaya.

Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini mwa Katanga. Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi na katekista kwa miaka arobaini. Katika nyumba ya baba yangu, mgeni akiketi, kila mtoto aliyemo ndani hutoka kumsalimia. Mtoto anayekaa chumbani wakati mgeni yupo anaiaibisha nyumba. Nami niliwalea wanangu hivyo. Basi wageni walipokuja, na walikuja wengi mno, nilikuwa nakwenda kugonga mlango wa uani.

"Mama, kuna watu. Utoke uwasalimie."

Lakini wageni wenyewe hawakuja kusalimiwa. Habari ilikuwa imeenea mtaani kwamba kwangu kuna daktari. Mtu anaingia, anakaa mbali kama ilivyoagizwa, anauliza hali yangu, na kabla sijajibu anasema: "Dokta iko?" Mmoja ana mtoto anayekohoa. Mwingine amesikia kwamba majani fulani yanaponya, anataka kujua kama ni kweli. Mwingine haumwi kitu, ameota ndoto mbaya. Nami nilijivuna, Mungu anisamehe. Nilikuwa nasema, "Ngoja nimwite," na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwenye mali.

Anatoka na alama za mto shavuni. Anasimama karibu na ukuta, anajibu maswali kumi kwa upole, anarudi ndani. Nusu saa baadaye nagonga tena.

Na wageni walipokosekana, kulikuwa na sala. Saa sita mchana nyumba yetu husali Malaika wa Bwana kwa kuimba. Niliimba uani, karibu na dirisha lake, ili naye apate neema akiwa kitandani.

Baada ya majuma mengi hivi, nilianza kuona mambo ambayo sikuyapenda. Mzaha wake uliisha. Nikimwita "bibi yangu" ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka neno. Ananawa mikono, anaweka sabuni chini, anaiokota, ananawa tena. Siku moja alicheka peke yake mbele ya sahani, kisha machozi yakamtoka, na bukari ikabaki mpaka ikakauka. Nilipita dirishani, pazia likiwa wazi kidogo, nikamwona amelala chali na macho wazi yanatazama mabati.

"Unalala?" nilimwuliza.

"Ninalala, kambo."

"Na macho wazi hivyo?"

"Mwili inalala. Macho njo inakatala."

Tangu aliposema macho ndiyo yanayokataa, sikuwa na amani. Kila saa nilipata sababu ya kupita pale dirishani: kuchota maji, kufukuza kuku, kutafuta fagio. Nilikuwa nasikiliza kama anapumua. Akikohoa mara moja, nasimama palepale. Nahesabu mpaka hamsini nikingoja kikohozi cha pili. Nilidhani adui ni ule ugonjwa. Sikujua bado kwamba kuna kitu kingine kilikuwa kinammaliza, na kwamba nilikuwa nakisaidia.

Jumanne moja alirudi, hakuvua viatu. Aliketi kwenye ngazi ya chumba chake, koti bado mwilini. Nilimwekea kigoda cha chakula, nikarudi hatua zangu kumi, lakini hakuinuka.

"Kambo, leo nilikaribia kuua muntu."

Akaniambia polepole. Alikuwa ametayarisha sindano ya mgonjwa mmoja, akaenda nayo kwenye kitanda kingine. Alisoma jina kwenye karatasi ya kitanda, akalisoma tena, na mara zote mbili aliona jina alilotaka kuliona, si lililoandikwa. Alikuwa ameshika mkono wa yule mgonjwa. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akamkamata kifundo cha mkono, akasema kwa sauti ya chini: "Dokta, huyu si wako."

"Hakupiga kelele," mjukuu wangu alisema. "Hakunisemea kwa wakubwa. Alinitazama tu. Njo ile inaniuma."

"Tumshukuru Mungu kwa ajili ya mama yule."

"Kambo, Alhamisi niko na garde, zamu ingine, na ule mama hatakuwako. Kama silale kati ya leo na Alhamisi, nitarudilia ileile. Na ikirudi, naacha. Miaka saba yote naacha. Sitaki kuua muntu juu ya usingizi."

Aliingia ndani. Mimi nilibaki nimesimama uani na kigoda changu. Dakika chache baadaye lango likagongwa, na sauti ya mwanamke ikaita: "Hodi! Dokta iko?"

Miguu yangu ilikwisha kugeuka kwenda kugonga mlango wake. Hapo ndipo nilipojiona. Ilikuwa kama mtu amenishika kifundo cha mkono.

Nilikwenda langoni. Alikuwa mama wa nyumba ya tatu, muuza unga, mwenye ulimi mkali. Nikamwambia:

"Haiko."

Miaka arobaini nimefundisha watoto amri ya nane, kwamba usiseme uongo. Neno lile lilitoka kinywani mwangu kama jiwe. Yule mama akanitazama, kisha akatazama juu ya bega langu, kwenye kamba. Koti lake la pili lilikuwa pale, limenyooka, jeupe.

"Kumbe koti inajuaga njia," alisema. "Ilirudi yenyewe kwa miguu?"

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Eh, katekista! Na weye?" Akaenda zake, na nilijua kwamba kabla ya jioni mtaa wote utacheka.

Siku ile sikula. Nilikaa na rozari nikamwuliza Mungu anifundishe jinsi ya kulinda bila kudanganya. Likanijia somo nililolifundisha mara nyingi bila kulisikiliza: yule nabii wa Biblia aliyechoka jangwani hata akaomba kufa. Nilizoea kuwaeleza watoto habari za mkate na maji aliyoletewa na malaika. Sikuwahi kukazia kwamba hakukemewa. Aliachwa alale, akaamshwa ale, akaachwa alale tena. Safari ndefu ilikuja baadaye.

Kesho yake, Jumatano, nilichukua kiti changu cha mbao nikakiweka nje ya lango. Koti nililiacha kwenye kamba, lionekane. Mtu wa kwanza alipokuja na kuuliza, nilisema:

"Iko, lakini analala. Sitamwamsha."

Ni maneno madogo. Lakini kwetu kumwambia mgeni kwamba mtoto yumo ndani na hatatoka ni kumfukuza. Uongo ungekuwa adabu zaidi. Niliona nyuso zikibadilika. "Kambo anafungia dokta kama nguo za Noeli," mmoja alisema. "Saa ine ya asubuhi, mutoto muzima analala?" mwingine akauliza. Wa tatu, kijana wa kanisani niliyemfundisha komunyo ya kwanza, alinong'ona akiondoka, lakini nilimsikia: "Anagonjwa ule. Muzee anamuficha." Baadaye niliona watu wakipita upande wa pili wa barabara. Ilinichoma moyo, ila barabara ikawa kimya, nami nikashukuru kwa kimya kile hata kama kilitokana na uvumi.

Mchana nilisali Malaika wa Bwana pale langoni, midomo tu, bila kuimba. Kisha nikaenda dirishani mara moja. Macho yake yalikuwa yamefungwa. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, kama alivyokuwa akilala utotoni. Alikuwa anakoroma. Kwa majuma mengi sikuwa nimesikia sauti nzuri kama ile. Nilirudi kitini nikitembea kwa vidole vya miguu, mzee mzima.

Saa nane akaja mtu ambaye sikumtazamia. Alikuwa mwenzangu wa shirika, yaani familia jirani zinazosali pamoja kila juma. Wazazi wake walitoka Kasai. Yeye ana duka la vitambaa. Miaka ishirini na zaidi tuliongoza sala pamoja. Na mke wake ndiye mama wa ubatizo wa mjukuu wangu. Ndiye aliyemshika mikononi juu ya maji.

Alikuja bila kofia, shati limefungwa vibaya. Hakunisalimu.

"Uniitie mutoto. Mama yake anagonjwa."

Nilisimama. "Anaumwa nini?"

"Kifua. Tangu juzi. Leo anakaa tu kwenye kitanda, hawezi kulala. Mutoto akuje amuone, ni dakika tano. Akuje na dawa zake."

Mjukuu wangu alikuwa amenifundisha jambo moja tangu siku za kwanza, kwa ajili yangu mwenyewe. Aliniambia: kambo, ukiona huwezi kumaliza Salamu Maria moja bila kukatika pumzi, usiningoje mimi, nenda hospitali. Basi nilimwuliza rafiki yangu:

"Akisali, anafika wapi?"

Alielewa mara moja. Macho yake yalijaa maji. "Anafika kati. Anapumuzika. Anaanza tena."

"Basi si kazi ya mutoto. Umupeleke hospitali, sasa hivi."

"Hospitali?" Alipaza sauti, nami nikainua mkono kumsihi aishushe. "Kule bantu banaingia na miguu banatoka na sanduku! Hata matanga hawatuachie kufanya. Nataka dokta wetu, wa nyumba yetu. Weye uko unafanya nini kwa kile kiti?"

"Mutoto iko, lakini analala. Kesho atashika zamu. Jana alikaribia kuua muntu kwa kukosa usingizi. Na hata nikimuamusha, hewa haina nayo. Hewa iko kule kwenye machupa yao."

"Dakika tano!"

"Hapana, ndugu yangu."

Alikitazama kiti changu, kisha mlango wa uani. Nilisikia koromo la mjukuu wangu likivuka uani, au nilidhani nalisikia. Kisha akasema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi:

"Miaka yote ile tulipiga magoti pamoja. Na leo njo unanifungia mulango."

Akageuka, akaenda karibu mbio, kuelekea kwake. Sikujua kama anakwenda kutafuta gari au anakwenda kufunga mlango na kukaa na mke wake.

Kutoka saa nane ile hadi saa kumi na mbili, sijui nilivyoishi. Rozari ilikuwa mkononi lakini nilipoteza hesabu kwenye fumbo la kwanza, nikaanza tena, nikapoteza tena. Nilikwenda mara tatu mpaka mlango wa uani na ngumi imeinuliwa. Nilijiambia: kama yule mama atakufa, utakuwa umemwua wewe, kwa kiburi cha kulinda. Mara ya pili nilijiambia: kama ukimwamsha na kesho akakosea kitanda, mgonjwa huyo naye ana watu wake wanaomwita mama. Mara ya tatu sikujiambia kitu. Nilisimama tu, nikasikiliza pumzi yake ikipanda na kushuka, nikalia bila sauti. Sikupewa jibu lolote. Ninalisema hili kwa sababu watu hufikiri mtu wa sala hupewa majibu. Mimi nilipewa kusimama tu, na mkono wangu haukugonga.

Aliamka jua likielekea kuzama. Alitoka akijinyoosha, macho yamevimba kwa usingizi, akaniona nimesimama uani.

"Bwana yangu, unafanya nini hapa kama askari?"

Ule mzaha ulikuwa umerudi. Ningeweza kumwacha ale kwanza. Nilimwambia papo hapo: nani alikuja, alisema nini, nilijibu nini.

Uso wake ulikauka. "Kambo! Mama yangu wa ubatizo! Na weye ukaniacha nalala?"

"Nilikuacha."

"Nani alikuambia uniamulie?"

"Hakuna."

Aliingia ndani kutafuta simu, akiangusha vitu. Nilimsikia akiwapigia wenzake wa hospitali, mmoja hakupokea, wa pili akapokea. Aliuliza kwa Kifaransa, haraka haraka, akitaja jina na umri wa mama yule.

Alitoka, akaketi kwenye ngazi ileile ya Jumanne.

"Iko," alisema. "Alifika saa kenda na nusu. Banamuwekea oksijeni. Anapumua vibaya, lakini anapumua."

Nilikaa chini, palepale kwenye udongo. Hakunisaidia kuinuka, kwa sababu ya zile hatua kumi, na pia kwa sababu alikuwa bado amenikasirikia. Akasema, akitazama mikono yake:

"Ungeniamusha ningeenda kwake. Singeweza kumukatalia baba yule. Angenilomba nimutunze palepale kwa nyumba, na miye, vile nilikuwa, ningekubali. Ningeshinda pale na kipima joto." Kisha akaongeza: "Lakini bado sijakusamehe."

"Chukua muda wako, bibi."

Akala sahani nzima. Akarudi kulala tena, na Alhamisi akaenda kwenye zamu yake. Mchana ule wote, na asubuhi iliyofuata, niliona sindano na vitanda kila nilipofumba macho. Aliporudi Ijumaa, alivua viatu, akafua koti, na kabla ya kufunga mlango akaniambia kutoka mbali: "Nilisoma majina yote mara tatu, kambo."

Mama wa ubatizo alikaa hospitalini majuma matatu. Alitoka amekonda, anatembea akishika kuta, na mpaka leo hapandi ngazi bila kupumzika. Rafiki yangu hakuja kwangu siku zote zile. Nilimtumia salamu, hazikurudi. Nilifikiri nimempoteza, nikamwomba Mungu anipe uvumilivu wa kulibeba hilo, maana sikuweza kusema kwamba nimekosa, wala kwamba sikukosa. Hata sasa siwezi. Mke wake angefika hospitali saa nane na nusu badala ya saa tisa na nusu kama ningekwenda naye kutafuta gari badala ya kubishana, na saa ile moja naikumbuka kila ninapomwona akishika ukuta.

Kisha siku moja, saa saba mchana, nilikuwa kwenye kiti changu nje ya lango nikamwona anakuja, polepole, amebeba kiti cha plastiki begani. Alikiweka hatua chache kutoka changu, kama ilivyoagizwa. Akaketi. Alitazama ndani, kwenye kamba, ambako koti lilikuwa linadondosha maji.

"Dokta iko?" aliuliza.

"Iko, lakini analala."

Akaitikia kwa kichwa. Barabarani mama muuza unga alikuwa anakuja, amekwisha kufungua kinywa kuita hodi. Rafiki yangu akainua kidole, akakiweka juu ya barakoa yake, mahali palipo midomo.